Magome ya msokonoi kwa mapunye ya mtoto, naombeni ushauri

MamaWawili_Tandika: Habari zenu wakuu, mwanangu wa miaka 6 ana mapunye kichwani, nywele zinakatika duara duara na pana ukoko mweupe, nimempaka tyubu ya fangasi inapungua inarudi. Kuna Mmasai Kariakoo ananiambia nichemshe magome ya msokonoi nimuoshe kichwa na mengine anywe, eti yanaua fangasi na yana antioksidanti, yaani vitu vya kukinga chembe za mwili zisiharibike. Nimeonja kipande, jamani kinawasha kama pilipili, nimeogopa. Kuna aliyetumia?

Babu Mbagala: Msokonoi sie tunatafuna kwa kikohozi na mafua, kwa mapunye sijasikia. Ila mpe tu mwanangu, miti shamba haina madhara.

Dawa_Duka: Shikamoo mzee wangu, hapo kwenye haina madhara naomba nikupinge. Huo muwasho ndo dawa yenyewe, inaitwa poligodiali, na kweli maabara inaua fangasi hasa kandida, wale wa utando mweupe mdomoni. Ila maabara wanaweka dawa moja kwa moja juu ya fangasi kwenye kisahani, wakati fangasi wa mapunye wanaingia ndani ya unywele wenyewe, ndo maana hata tyubu yako inashindwa dada, sio kwamba ni feki. Na kichwa chenye vidonda ukikimwagia kitu kinachowasha hivyo utamuumiza mtoto bure. Antioksidanti nazo zipo, magome mengi yenye ukakasi yanazo, kipimo chake wanaangalia tu kimiminika cha zambarau kikigeuka njano, hakihusiani na kuua fangasi. Mapunye dawa yake ni ya kumeza, mfano griseofulvini, dozi inapigwa kwa uzito wa mtoto, anameza na maziwa au chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini, na ni wiki 6 mpaka 8 hata kama nywele zimeanza kuota. Usijinunulie, mpeleke kituo cha afya apimwe kwanza.

MamaWawili_Tandika: Asante sana kaka, kumbe ndo maana ilikuwa inarudi. Na mdogo wake wanalala kitanda kimoja je?

Dawa_Duka: Nenda nao wote wakaangaliwe. Chanuo, kofia na taulo kila mtu na yake, na kinyozi mwambie asafishe mashine kwa dawa mbele yako kabla hajamgusa mtoto.