Tupeane uzoefu: kuimba kwaya wakati wa saratani

Mleta mada
Wadau, namuuguza mama, ana saratani ya matiti na yuko kwenye kemo, zile dawa kali za kuua saratani. Kuna kwaya ya wagonjwa na wanaowauguza. Anaitamani, ila anasita, anasema sauti imemkauka. Mliopitia hali hii, ilikuwaje?

Mchangiaji 1
Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Mama asiogope sauti. Kemo ilinikausha mdomo na kunitoa vidonda, nikawa naenda na chupa yangu ya maji, naitikia kiitikio tu, beti nawaachia wenzangu. Mwalimu akanitoa sauti ya kwanza akanipeleka ya pili bila maswali mengi. Nyumbani kila anayeingia ananiuliza naendeleaje. Kule naulizwa kama nimeshika sauti yangu. Hilo ndilo lililonirudisha kila mara. Kuna siku nililia katikati ya wimbo, jirani yangu akanishika mkono huku anaendelea kuimba, na mazoezi hayakusimama. Nilishukuru sana kwamba hayakusimama.

Mchangiaji 2
Mimi nilimuuguza mume wangu. Alipofariki nilidhani sina tena nafasi kwenye kwaya, wakanifuata nirudi. Anayeuguza husahaulika mno! Kule Wales, Uingereza, kwaya za shirika la Tenovus Cancer Care zinapokea wagonjwa, wauguzaji na wafiwa. Watafiti waliwapima waimbaji 193 wa kwaya zao tano, matokeo yakatoka 2016: baada ya saa moja ya kuimba, kotisoli, ile homoni ya msongo, ilikuwa imeshuka kwa makundi yote matatu. Waliokuja na huzuni nzito ndio waliochangamka zaidi. Ila tusidanganyane, kuimba hakutibu saratani. Dawa ziendelee.

Mchangiaji 3
Besi hapa, nimefanyiwa upasuaji wa pafu. Naimba nimekaa, nakatisha mstari mapema nivute pumzi.

Mchangiaji 4
Angalizo: kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maradhi, na chumba kimejaa watu wanaovuta pumzi kwa nguvu. Muulize daktari wake kwanza, na akisikia mtu ana mafua huko, siku hiyo abaki nyumbani.

Mleta mada
Asanteni mno. Mchangiaji 1, ulikuwa unaenda hata wiki ya dripu?

Mchangiaji 1
Hapana, wiki hiyo nilikuwa hoi kitandani. Nilikuwa narudi nguvu zikianza kupanda, na siku nyingine nilikaa tu nikasikiliza. Mwambie mama hata kukaa tu na kusikiliza kunaruhusiwa.