Harusi Igoma, halafu siku nne mikononi: niwatembeze wapi watu wa pwani hapo Mwanza?

Mwana Chumbageni:
Wakuu, salaam. Mimi mtu wa Tanga, Ziwa Victoria nimelionea kwenye ramani tu. Shemeji yangu anaoa Mwanza Jumamosi ya pili ya Desemba, ukumbi uko Igoma. Nikapiga hesabu: nauli yote ile ya watu watano halafu Jumapili tugeuze? Nimeomba ruhusa, tunaondoka Alhamisi.

Tupo mimi, mama watoto, kijana wa miaka 13, binti wa 9 na mama yangu mzazi ambaye magoti yake ni ya kubembeleza. Kijana amekulia Raskazone, kila Jumapili yuko majini, na ameshatangaza kwamba ziwa ataliogelea lote. Bibi yao anataka kuona dagaa wanakotoka. Mke wangu kasema popote, mradi tusishinde kwa kaka yake tunasugua masufuria ya harusi.

Ufukwe upi mzuri? Ukerewe lazima? Mbuga ipo karibu? Gari hatuna, bajeti ni ya mwalimu. Wa kuniambia niende Zanzibar, pita kushoto.

Gogogo:
Nyie si ndio "waja leo waondoka leo"? Imekuwaje tena mnataka siku nne 😂 Karibuni. Bibi mbebee sweta, huku tuko juu kama mita 1,130 na Desemba ni mvua.

Ng'wana Igoma:
Mkuu, nianze na huyo kijana, mengine yanasubirika.

Ziwa si bahari. Kwanza, maji baridi hayakubebi kama maji ya chumvi. Mtu aliyezoea kulala chali Raskazone akifika hapa anashangaa miguu inazama, nguvu zinaisha mapema. Pili, hakuna kujaa wala kupwa. Ninyi mnaamka mnauliza maji yakoje, sisi tunauliza upepo. Asubuhi ziwa limetulia kama chai kwenye kikombe, saa tisa mchana linachafuka, na Desemba wingu linaweza kukukuta katikati.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, kichocho. Najua Tanga mnacho, ila cha kwenu kinajulikana kwa mkojo wa damu. Cha huku kwa kawaida kinakaa tumboni, kinaumiza utumbo na ini, na mtu anaweza kukaa nacho muda mrefu anadhani ni minyoo. Wadudu wake wanatoka kwa konokono walio kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, wanapenya kwenye ngozi hata ukisimama tu unaosha miguu. Ufukwe unaovutia macho, wenye matete na vitoto vinacheza pembeni, huo ndio wa kuukimbia. Magugu hayohayo, sehemu nyingine, yanaficha mamba.

Akilia sana, mpelekeni hoteli yenye bwawa pale Ilemela au Capri Point, mnalipa kiingilio, mnakunywa soda mkilitazama ziwa. Na kama atakuwa ameshaingia ziwani kwa siri (atakuwa), msikimbilie kupima wiki hiyohiyo. Subirini kama miezi miwili, mpimeni choo, dawa ipo na inatibu.

Mimi nimezaliwa hapa. Nimemeza dawa hiyo mara tatu.

Mwana Chumbageni:
Duh. Asante mkuu. Nimemsomea kijana kwa sauti, amenuna.

Nansio Kwetu:
Asikutishe huyo. Kuja Mwanza bila kufika Ukerewe ni kula ugali bila mboga. Meli inatoka mjini hadi Nansio, safari ya saa tatu na kitu. Mkishuka, panda kilima cha Handebezyo, unaona visiwa vimetawanyika kama punje za mahindi. Mkiwa na siku ya ziada vukeni hadi Ukara kuliko na lile jiwe linalocheza. Watu wa kisiwani ni wapole, bei ni za chini. Lala usiku mmoja, rudi kesho yake.

Mama Chanja:
Nansio, bibi wa magoti apande Handebezyo? Na Ukara unamaliza siku mbili njiani. Wana siku nne tu hawa.

Nansio Kwetu:
Bibi abaki chini na machungwa. Sijasema apande.

Dereva Mstaafu:
Naomba niseme bila kumtisha mtu. Wenyeji wa ziwa hili tuna tarehe zetu za vyombo kuzama: Mei 21, 1996, MV Bukoba, na Septemba 20, 2018, MV Nyerere pale karibu na Ukara. Hapo Igoma mnakokwenda harusini kuna makaburi ya waliokufa na MV Bukoba. Mkifika piteni, ombeni dua.

Simaanishi msipande meli. Mimi napanda. Ila chagueni chombo kikubwa cha asubuhi, kaeni mnapojua jaketi okozi ziko wapi, na mkiona watu wamejaa kupita kiasi, shukeni hata kama mmeshalipa. Mitumbwi ya kukodi ya "nitakuzungusha tu" achaneni nayo. Mwaka juzi mmoja alitupeleka kuona machweo, tulipofika mbali akazima injini, akasema bei ya kurudi ni nyingine. Tulilipa. Ungefanyaje?

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja: daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Pandeni gari la Sengerema, mvuke, mnywe chai, mrudi. Sisi tuliozeeka kwenye foleni ya kivuko, wengine wagonjwa wao garini, hatulipiti lile daraja kimyakimya.

Mama Chanja:
Sasa zamu yangu, maana bibi ameuliza la maana kuliko wote humu. Mimi nauza dagaa.

Mpelekeni Kirumba, sokoni Mwaloni, asubuhi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, na bei inapanda. Kwa hiyo angalieni kalenda kabla ya kununua gunia. Pale utakuta wanunuzi mpaka wa Kongo na Rwanda, na makuli hawasemi samahani, wanasema "pisha!" mara moja tu. Bibi atembee pembeni, viatu vya kufunika.

Kuchagua: usiangalie gunia juu, wanapangilia. Ingiza mkono hadi kiwiko, toa za katikati. Dagaa mzuri anang'aa fedha, amenyooka, ukimvunja analia "tak". Akiwa wa njano na tumbo limepasuka huyo alinyeshewa. Kisha tia mmoja mdomoni utafune taratibu. Ukisikia mchanga, amekaushwa chini. Wa chanjani, juu ya nyavu, hana mchanga, na ana bei yake. Muuzaji akikataa usionje, nenda meza ya pili.

Mkimaliza hapo kuleni sato na ugali. Mwambie mpishi akate mistari mirefu ubavuni ili chumvi na ndimu viingie, akaange mpaka mapezi yawe kama bisi. Nazi msiulizie.

Gogogo:
Na samaki kamongo?

Mama Chanja:
Kamongo wakila watajua wenyewe.

Bhoke wa Bunda:
Mbuga: lango la Ndabaka la Serengeti liko barabara ya Musoma, saa mbili na ushee kutoka mjini. Lakini bila gari lenu mtakodi, na kwa bajeti ya mwalimu itauma. Nendeni Saanane. Hifadhi ya taifa kamili, tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, boti dakika chache tu kutoka Capri Point. Kabla ya hapo ilikuwa bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania, 1964. Kuna swala, pundamilia, tumbili, pimbi wamelala juu ya mawe. Bebeni vitambulisho vya NIDA, bei ya raia na ya mgeni ni mbingu na ardhi.

Ng'wana Igoma:
Bujora msisahau, ni baada ya Kisesa ukitoka hapo Igoma, karibu kabisa. Makumbusho ya Wasukuma, ngoma za watemi zimejaa chumba kizima. Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, ni Juni, mmeikosa.

Mwana Chumbageni:
MREJESHO, wakuu. Tumerudi salama.

Ukerewe hatukwenda. Nansio Kwetu, nisamehe, Jumatatu ilinyesha toka alfajiri na mama akasema mvua yenyewe ni jibu. Tulienda Bujora badala yake. Mzee aliyetuzungusha alimruhusu binti apige ngoma moja, akapiga chakacha. Mzee akacheka mpaka akakaa.

Saanane kijana alinuna dakika kumi, akaona mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa bluu akipiga pushapu juu ya jiwe. Ziwa likasahaulika. Jioni tukaenda Kamanga kuliona Jiwe la Bismarck. Jiwe ni dakika tano za picha. Kilichotukalisha ni jua. Sisi kwetu jua linatoka majini. Kuliona linaingia majini, mama alikaa kimya, halafu akauliza, "Sasa hawa kibla wanakijuaje?"

Mwaloni mama aliingiza mkono hadi kiwiko kama alivyoagizwa, akatafuna, akatema mchanga mbele ya muuzaji, akahamia meza ya pili. Amenunua debe mbili. Basi zima hadi Tanga limenukia sisi.

Swali moja limebaki. Alinunua pia kilo tatu za michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na sasa tunaitazama tu. Inapikwaje?

Mama Chanja:
Ioshe, iloweke kidogo, chemsha mpaka ilainike, mwishoni tia karanga za kusaga na chumvi. Ikiwa ni mitamu na migumu kama kiatu hata kabla ya kupika, basi hiyo si michembe, amewauzia matobolwa, viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa. Hayo mpeni kijana atafune hivyohivyo.

Mwana Chumbageni:
Ni matobolwa. Ameshayamaliza nusu.