Rais mmoja, sheria hamsini: uchaguzi wa Marekani na hila za majimbo

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Hapa Texas, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma akienda kupiga kura na kitambulisho cha chuo, chenye picha yake, kilichotolewa na taasisi ya jimbo hilihili, hakitambuliwi. Leseni ya kubeba bastola inatambuliwa! Ndivyo sheria ya 2011 ilivyoandikwa, na walioiandika walijua fika wanafunzi humpigia nani na wenye bastola humpigia nani (wale Democrat, hawa Republican). Asiye na kitambulisho kinachotakiwa anaweza kujaza fomu ya kiapo na kuonyesha hata bili ya umeme, lakini ni wangapi wanalijua hilo?

Mwaka 2020, korona imepamba moto, gavana aliagiza kila kaunti iwe na kituo kimoja tu cha kupeleka kura za posta kwa mkono. Kaunti ya Harris, ulipo mji wa Houston, yenye watu zaidi ya milioni 4, ilikuwa na vituo 12. Kikabaki kimoja. Mzee wa miaka 70 aendeshe gari kuvuka Houston nzima kwa ajili ya bahasha.

Georgia nako, tangu 2021, kumpa chupa ya maji mtu aliye kwenye foleni karibu na kituo ni kosa la jinai. Maji! Na jimbo hilohilo, mwaka 2018, Brian Kemp aligombea ugavana huku yeye mwenyewe akiwa katibu wa jimbo, ndiye msimamizi wa uchaguzi. Akashinda. Sisi Watanzania tumepiga kelele miaka mingi kwamba mwenyekiti wa tume anateuliwa na rais. Huku msimamizi alikuwa mgombea, halafu hawa ndio wanaotuma waangalizi kwetu.

Ila linaloniuma kuliko yote ni Florida. Mwaka 2018 zaidi ya asilimia 64 ya wapiga kura waliamua waliomaliza vifungo, isipokuwa wa mauaji na makosa ya ngono, warudishiwe haki ya kupiga kura. Mwaka mmoja tu baadaye bunge la jimbo likaongeza sharti: lipa kwanza faini na gharama zote za mahakama. Na jimbo halina daftari moja la kumwonyesha mtu anadaiwa shilingi ngapi. Anayetaka kulipa hajui alipe nini, na akikosea kupiga kura anaweza kukamatwa. Wakati huo Maine na Vermont mfungwa anapiga kura akiwa gerezani. Rais ni yuleyule!

Sasa sikilizeni, maana hapa nawageukia ninyi. Sheria hizi haziandikwi na rais. Zinaandikwa na mabunge ya majimbo. Mwaka 2024, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp watu walitukanana usiku kucha kwa ajili ya wagombea urais, Trump na Kamala Harris, na hakuna aliyemjua mwakilishi wake katika bunge la jimbo. Viti vyote 150 vya bunge la chini la Texas viligombewa Novemba hiyo ya 2024, kwenye karatasi ileile ya urais, huko chini msikofika. Tangu 2020 huwezi tena kuchagua chama kizima kwa alama moja. Ukiishia kwa rais, waliobaki hujawagusa.

Mwaka 2024 mwisho wa kujiandikisha Texas ulikuwa Oktoba 7. Mlioko huku mlio raia, mtajeni hapa mwakilishi wenu wa jimbo na alipigaje kura mwaka 2021 sheria ya uchaguzi ilipobanwa tena. Nasubiri.