Meza ya watu 8 kwenye chumba cha mita 3.2 kwa 3.8, na panga boi liko katikati ya dari: nianzie wapi?

BintiKigamboni

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa advansi kwa seremala Keko, maana mbao zikishakatwa zimekatwa.

Sehemu ya kulia ina upana wa mita 3.2 na urefu wa mita 3.8. Ukuta mrefu wa kushoto ni mtupu, nataka kuweka kabati la vyombo hapo. Ukuta mrefu wa kulia una mlango wa jikoni, karibu kabisa na kona ya nyuma. Ukuta wa nyuma una dirisha linalotazama magharibi. Upande wa mbele hakuna ukuta, panafunguka sebuleni. Dari ni ya jipsamu, mita 2.75 kutoka kwenye vigae. Panga boi la inchi 56 liko katikati, na kando yake kuna holda moja yenye balbu nyeupe.

Nyumbani tuko 6, wageni wakija tunafika 8. Nilichopanga: meza ya mninga sm 210 kwa 100, viti 8 vya migongo mirefu, kabati la kina cha sm 45, kapeti chini, na taa kubwa ya kuning'inia juu ya meza. Bahari iko kama kilomita moja. Je, vinaingia? Na taa hiyo itakaaje na panga boi?

KipimoKwanza

Dada, meza hiyo inaingia. Watu ndio hawatapita. Usianze na meza, anza na nafasi inayobaki baada ya kiti kuvutwa nyuma.

Mtu anahitaji sm 75 hivi kutoka ukingo wa meza ili avute kiti, akae na ainuke. Hicho ni kiwango cha chini, nyuma yake hapiti mtu. Pakiwa na njia, iwe sm 110, hasa kama anayepita kabeba sinia la wali wa moto. Kwako njia ya jikoni ni upande wa kulia, kwa hiyo sm 110 za upande huo hazina mjadala.

Sasa piga hesabu ya upana. 320 toa njia 110, toa meza 100, toa kabati 45: inabaki sm 65 kati ya meza na kabati. Kiti hakivutiki vizuri, na milango ya kabati haifunguki mtu akiwa amekaa. Badilisha vitu viwili tu: meza iwe sm 180 kwa 90, kabati liwe na kina cha sm 38. Njia inabaki 110 na upande wa kabati unapata 82. Kwa urefu, 380 toa 180 ni mita 2, yaani mita moja kila kichwa cha meza. Kina cha sm 38 kinapokea sahani kubwa na mabakuli bila shida. Ukiwa na masinia mapana, yasimamishe wima kwenye chumba chake ndani ya kabati.

Watu 8 wanakaa hivi: kila mtu anahitaji kama sm 60 za ukingo wa meza ili viwiko visigongane. Siku za kawaida wawili wawili pembeni na mmoja kila kichwa, hao ni 6 wanaokaa kwa raha. Wageni wakija, watatu watatu pembeni. Watabanana kidogo, lakini wataingia endapo miguu ya meza iko kwenye kona kabisa na viti havizidi upana wa sm 45. Miguu ikiingizwa ndani sm 15 kila upande, kiti cha tatu hakipati pa kuingia. Seremala akileta mchoro, hilo ndilo la kutazama mwanzo.

Ukitaka wanane wakae bila kubanana, agiza meza inayofunguka katikati kwa reli, yenye ubao wa akiba wa sm 45. Ikifunguka katikati, kila upande unasogea sm 22 na kitu, na kitovu cha meza hakihami. Inayoongezwa kichwani upande mmoja tu itaiacha taa nje ya kitovu.

Kimo: meza sm 76 (inchi 30), kiti sm 45 kikiwa kimekaliwa. Sponji hushuka, kwa hiyo pima mtu akiwa juu yake. Kisha angalia fremu iliyo chini ya ubao wa meza. Ubao wa sm 3 na fremu ya sm 10 vinaacha sm 63 kutoka chini, na juu ya kiti cha 45 zinabaki 18 za mapaja. Fremu ya nakshi ya sm 15 inakula nafasi hiyo, na mtu mnene atakaa upande upande. Kiti chenye mikono nacho kinagota: mikono ikiwa sm 66, haipiti chini ya fremu ya 63, na kiti kitabaki katikati ya njia yako siku zote.

Migongo mirefu, ile ya sm 110 yenye taji juu, mimi singeiweka hapo. Ukisimama sebuleni utaona safu ya mbao tu, na dirisha litaonekana nusu. Migongo ya sm 85 mpaka 90 inakifanya chumba kionekane kina pumzi.

FundiNyaya

Nakubaliana na vipimo vya juu. Niingie kwenye umeme, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Panga boi la inchi 56 lina nusu kipenyo cha sm 70 hivi. Meza ya sm 180 ikikaa katikati, mapanga yanafunika sehemu kubwa ya urefu wake. Ndani ya duara hilo waya wa taa hauwezi kushuka, utakatwa. Wengine hutoboa dari na kuweka taa za kuzama juu ya mapanga. Matokeo yake mwanga unakatwakatwa kila panga linapopita, na mtu anakula huku kivuli kinacheza kwenye sahani. Macho yanachoka kabla ya chakula kuisha. Kwa hiyo kimoja kihame, na kinachofaa kuhama ni panga boi.

Una njia mbili. Ya kwanza, lihamishie kwenye mpaka wa sebule, mita 1.9 kutoka kitovu cha meza. Ncha ya panga inakuwa mita 1.2 kutoka kitovu hicho, hivyo taa yenye kipenyo cha sm 50 inabaki na nafasi ya karibu mita moja. Taa nyepesi bado inaweza kuyumba kwa upepo, chagua yenye fimbo au yenye uzito kidogo. Ya pili, ondoa panga boi na ufunge feni ya ukutani ya inchi 16 au 18 juu ya kabati, kimo cha mita 2.1 hivi, izunguke kwa urefu wa meza. Kwa joto la Januari na Februari mimi ningefunga zote mbili, kwa sababu panga boi la mpakani linampuliza aliyekaa mbele na kumsahau aliye dirishani.

Panga boi usikubali lifungwe kwenye jipsamu wala kwenye zile mbao nyembamba zinazoishikilia. Fundi apande juu, aweke ubao imara kati ya kenchi mbili na kulabu yenye nati ya kufungia. Mtikisiko wa kila siku hulegeza skrubu za mbao. Taa ya kilo kadhaa nayo ishikwe na mbao, isishikwe na waya wake.

Ukubwa wa taa ufuate meza, usifuate chumba. Kofia ya taa iwe kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa meza: kwa sm 90 ni sm 45 mpaka 60. Ikiwa taa ni ndefu ya mstari, sm 90 mpaka 120. Ukipenda mbili ndogo, ziwe na kipenyo cha sm 25 mpaka 30 na kitovu cha moja kiwe sm 75 hadi 90 kutoka cha nyingine.

Ukingo wa chini wa kofia uwe sm 75 mpaka 85 juu ya meza. Tuchukue 80: meza 76 jumlisha 80 ni 156, toa kwenye 275, taa inashuka sm 119. Taa nyingi huja na waya wa mita moja, na kipande kingine kinaishia kwenye kiungio cha darini. Pima dukani Kariakoo kabla ya kulipa, maana waya kuunga njiani katikati ya hewa ni ubaya wa macho na ni hatari pia. Taa yenye mwili wa chuma lazima iunganishwe na waya wa ardhi, ule wa kijani na njano. Kama pale kwenye holda ya sasa hakuna waya huo, uvutwe upya. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Balbu: tafuta maandishi ya K 2700 au 3000, hiyo ndiyo taa ya njano. Nyeupe ya K 6500 inaufanya mchuzi wa nazi uonekane wa kijivu na ngozi za watu zionekane zimechoka. Tazama pia CRI, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu: 90 ni nzuri, isishuke chini ya 80. LED ya wati 12 yenye lumeni 1,000 hivi inatosha juu ya meza. Ongeza taa tatu ndogo za wati 5 kando ya kuta, kwenye swichi yake. Taa moja ya katikati peke yake huacha kona gizani, na chumba kinaonekana kidogo kuliko kilivyo.

Umeme wa kupanda na kushuka huua LED za bei rahisi. Kwenye boksi chagua iliyoandikwa volti 100 mpaka 240 badala ya 220 tu.

MezaDuara

Mbona hakuna aliyetaja meza ya duara? Kipenyo cha sm 140 kinakaa watu 6, na wote wanaonana.

KipimoKwanza

Duara ni nzuri sana kwenye chumba cha mraba. Hapa 320 toa kabati 38 toa 140 inabaki 142. Ukilinda njia ya 110, upande wa kabati unabaki na sm 32. Bila kabati ingewezekana.

MningaNaMtiki

Kuhusu mbao. Mninga ni chaguo zuri Kigamboni, hauchezi sana na unyevu. Mtiki nao unafaa. Paini ya Mafinga ni nafuu lakini ni laini, kijiko kikianguka kinaacha alama. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, kwa ubao wa juu siishauri karibu na bahari: maji yakiingia pembeni inavimba, na haitengenezeki.

Kosa kubwa ni mbao mbichi. Muulize seremala kipimo cha unyevu, na akupimie mbele yako, kifaa cha kuchoma sindano mbili kinapatikana. Itafutwe asilimia 12 mpaka 14. Ikiwa 20, meza itapasuka au kupinda ndani ya miezi, hasa ukiwasha AC.

La pili, ubao wa juu usigundishwe kwenye fremu wala kukazwa kwa skrubu zisizo na nafasi. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu, na kwenye sm 90 ni milimita kadhaa. Matundu ya skrubu kwenye fremu yawe marefu kiasi, yaelekee upande wa upana, ili ubao uteleze. Ukifungwa kabisa, ufa unatokea kwenye maungio, na hakuna vanishi itakayouziba. Sehemu ya chini ya ubao ipigwe vanishi sawa na ya juu. Wengi huiacha kwa kuwa haionekani, basi upande mmoja unanyonya unyevu na meza inakunjamana kama sahani.

Vyuma: vishikio na bawaba za kabati ziwe za chuma kisichoshika kutu, gredi 304. Vile vya kung'aa vilivyopakwa juu juu hutoa madoadoa mapema kwa chumvi.

BintiKigamboni

Nashukuru sana, nimebadilisha oda iwe 180 kwa 90 ya kufunguka. Mawili yamebaki. Watoto wanafanyia homuweki hapo, taa ya njano itawatosha? Na kapeti?

FundiNyaya

Njano haimaanishi hafifu. Wati 12 kwenye kimo hicho zinatosha kusomea. Ukitaka kuipunguza wakati wa kula, nunua swichi ya kupunguza mwanga iliyotengenezwa kwa LED, na balbu iandikwe kuwa inakubali kupunguzwa. Swichi za zamani za balbu za nyuzi zitaifanya ipepese. Balbu iwe ya kioo cha maziwa, kwa sababu aliyekaa anaiona kwa chini hata kofia ikiwa pana.

Halafu kofia isiwe bakuli linalotazama juu. Mvua za masika zikianza, kumbikumbi watajaa humo na utaona kivuli cha mabawa yao mezani.

KipimoKwanza

Kapeti ili kiti kisiyumbe lizidi meza kwa sm 60 kila upande, yaani 300 kwa 210. La 200 kwa 300 linalouzwa zaidi linapungua kidogo pembeni, na miguu ya nyuma ya kiti inadondoka kwenye vigae kila kinapovutwa. La 240 kwa 300 litaingia njiani. Kwa mchanga wa Kigamboni na watoto, acha vigae wazi, bandika vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti.

Dirisha la magharibi litaleta jua la saa kumi usoni mwa aliyekaa kichwani kwa mbele. Weka pazia jepesi jeupe upande wa kioo na zito mbele yake, fimbo izidi dirisha sm 20 kila upande.

Kabla ya advansi, chora meza sakafuni kwa utepe wa karatasi, 180 kwa 90, panga viti vyovyote ulivyonavyo, vivute nyuma, kisha mtu apite na sinia kwenda jikoni. Ning'iniza ungo wa kipenyo cha sm 50 kwa kamba mahali pa taa, sm 156 kutoka chini, na ukae pande zote nne. Kama unamficha aliye mbele yako, pandisha sm 5 na upime tena.