Tupeane uzoefu: Wapenzi wa rock, huu muziki unaishi vipi na wewe siku za kawaida?

Wakuu habari za muda huu. Tumeshapeana uzoefu wa kazi, ndoa, magari, ila sisi wa magitaa yanayonguruma hatujawahi kukaa tukasimuliana. Sitaki mabishano ya bendi ipi kali, nataka maisha yenyewe, unasikiliza ukiwa wapi, na nani, shoo ya kwanza ilikuwaje, mazoezini, uwanjani, ufukweni, popote.

Naanza mimi. Mama yangu ni mtu wa kwaya tangu hajaolewa, na mimi rock niliianza utotoni kwa kanda ya mjomba, kanda ya bendi ya Queen. Mjomba akaniambia huyo anayeimba, Freddie Mercury, kazaliwa Zanzibar mwaka 1946 na jina la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, nikagoma kuamini, nikairudia ile kanda mpaka siku redio ikaila. Mama hakunikataza hata siku moja, ila kila nikifungulia alikuwa anaenda kufunga mlango wa chumba chake taratibu. Miaka na miaka, mlango unafungwa. Hatukugombana ila uliniuma ule mlango, maana mambo mengine yote mimi na mama tunaongea, hili tu ndo hatuliongei.

Sasa kuna siku niko sebuleni naangalia video ya zamani ya Sister Rosetta Tharpe, ile ya 1964 alipopigia kwenye stesheni ya treni iliyokuwa haitumiki tena kule Manchester, watazamaji wamekaa upande wa pili wa reli, mvua imenyesha, mwanamama na koti lake zuri anavaa gitaa la umeme anaimba nyimbo za Mungu. Mama alikuwa anapita akasimama. Huyu nani? Nikamwambia huyu ni mtoto wa kanisa, mama yake alikuwa mhubiri, alianza kurekodi 1938 na wengi wa rock wamechota kwake. Mama akakaa. Ilipofika ile sehemu anapiga solo, gitaa peke yake bila kuimba, mama akaanza makofi, yale makofi ya kwaya yenyewe, yanaingia palepale panapotakiwa. Sikusema kitu, nilikuwa naogopa nikiongea ataacha.

Karibuni na nyie.

*

Mkuu umenigusa. Ngoja niseme la kwangu ambalo sijawahi kuliandika popote.

Mimi ni fundi wa chuma, gitaa napiga nikitoka kazini. Miaka kadhaa nyuma mashine ilinipitia kidole cha pete mkono wa kushoto, ncha ikaenda pamoja na kucha. Wanaopiga gitaa wanajua kushoto ndo mkono wa kubana nyuzi. Kidonda kilipona, lakini ukigusa waya wa gitaa pale ni kama umechomwa sindano, nikaliweka gitaa juu ya kabati na nikawaambia watu kwamba nimekosa muda, kumbe muda ninao, nikirudi nalala chali naliangalia lile begi.

Kazini kuna kijana akanisimulia habari ya Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, nikadhani ananipa moyo tu, nikaenda kusoma nikakuta ni kweli tupu. Jamaa alikuwa na miaka 17 anafanya kazi kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anatumia kushoto kwahiyo hivyo ndo vidole vyake vya kubania. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vikofia vya vidole, akavivika ngozi visiteleze, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akaanza kulegeza nyuzi ili zisimuumize. Ule mlio mzito wa chini ambao leo bendi nzima nzima zinaufuata umepitia kwenye vile vidole, na albamu yao ya kwanza ni ya 1970.

Basi nikachukua plastiki, nikachukua kipande cha mkanda wa ngozi, kazi ya mikono ninayo sikuhitaji mtu. Vikofia vitatu vya kwanza nilitupa, kimoja kinabana, kingine kinazunguka kidoleni, cha tatu kinateleza kwenye waya kama sabuni. Cha nne ndo ninacho mpaka leo nimekibadilisha ngozi tu mara mbili. Natumia nyuzi nyembamba kabisa na nalegeza zote kidogo. Kasi ya zamani haijarudi na sidhani kama itarudi, ila nimejikuta napiga vitu vya polepole vizito ambavyo zamani nilikuwa naviruka nikiona vyepesi. Sivyepesi hata kidogo. Noti moja ukiiacha ilie sekunde nne lazima uwe umeikusudia.

*

Fundi, heshima kwako kaka.

Mimi ni mdada, mfupi, na shoo yangu ya kwanza nilisema nasimama mbele kabisa hata iweje. Nilienda peke yangu maana rafiki zangu wote hawasikilizi hii kitu. Wimbo wa tatu lile duara la kugongana likafunguka nyuma yangu, wenyewe wanaita moshipiti, mimi sikuwa najua hata linaanzaje, nikasukumwa nikaenda chini mzima mzima. Sekunde hiyo nilijua nimekwisha, naona viatu tu. Kabla sijapiga kelele kuna mikono kama minne mitano imeshanishika, huyu kwapani, huyu mkono, nikanyanyuliwa, mtu mmoja kafungua mikono kuzuia watu wasinifikie, mwingine ananionyesha kiatu changu juu kabisa kama kombe ananiuliza ni chako? Majitu makubwa yamechora tattoo mpaka shingoni yananiuliza dada uko poa, unaweza kupumua? Nikaambiwa hiyo ndo sheria ya kwanza, mtu akianguka ananyanyuliwa hapohapo, mengine yote yanafuata.

Baadaye nikaja kuelewa kwanini wanaishika vile. Mwaka 2000 kwenye tamasha la Roskilde kule Denmark, bendi ya Pearl Jam wakiwa jukwaani, watu 9 walikufa kwenye msongamano mbele ya jukwaa. Watu wa rock hawajasahau. Kwahiyo dada zangu mkienda, funga kamba za viatu mafundo mawili, usivae hereni ndefu, mikono iweke kifuani kama bondia ili ubaki na nafasi ya kupumua, na ukitaka kutoka usirudi nyuma moja kwa moja, toka kwa pembeni pembeni huku unafuata mwendo wa watu. Nimeshaenda nyingine nyingi tangu hapo na bado naenda mbele, na mimi sasa nimeshawanyanyua watu, wa mwisho alikuwa kaka mara mbili yangu, sijui hata nguvu nilitoa wapi.

*

Mimi langu fupi, mazoezi. Nilikuwa siwezi kukimbia kabisa, nachoka mapema, nahesabu nguzo za umeme. Siku nikaweka albamu ya kwanza ya bendi ya Ramones, ya 1976, nyimbo 14 na yote inaisha dakika 29 tu, wimbo mmoja dakika mbili umeisha unakuja mwingine hujapata hata nafasi ya kujionea huruma. Nikajiwekea kwamba albamu ikiisha ndo nasimama. Mwanzo ilikuwa ikiisha nimetembea nusu ya njia, baada ya miezi kama minne ikawa ikiisha nimemaliza kilomita 5. Sikio moja tu naweka hedfoni, lingine la kusikilizia magari.

*

Wa mpira mpo? Mimi mambo yangu yalikutana uwanjani. Rock nilikuwa naficha kwa washkaji wa timu, nikipanda basi la timu sauti naweka chini wasije wakaniuliza. Siku tuko nyuma bao moja, mashabiki wetu wakaanza kuimba ule mlio, oo-o-o-o-o-ooo, unajua ule, viwanja vyote wanauimba, wenzangu wote wanauimba. Nikamwambia kipa wetu unajua hilo ni gitaa la bendi ya watu wawili tu, White Stripes, wimbo wao Seven Nation Army wa 2003? Akaniangalia. Alijua ni wimbo wa mpira, kwamba umetungwa na mashabiki.

Na sio kosa lake maana umesafiri. Mashabiki wa Club Brugge walienda Milan mwaka huohuo 2003 wakausikia baa kabla ya mechi wakatoka wanauimba, wakashinda 1-0, wakarudi nao nyumbani Ubelgiji. Baadaye mashabiki wa Roma wakaudaka, Kombe la Dunia la 2006 Waitaliano wote wanauimba na kombe wakabeba. Na pale pa kuanzia watu wengi wanasema ni besi, siyo besi, ni gitaa la Jack White limepitishwa kwenye pedali inayolishusha chini oktavu nzima. Nikamwekea kipa hedfoni moja kwenye basi tukirudi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema rudia. Kufikia tunashuka ile hedfoni imeshazunguka siti sita. Tangu siku hiyo sifichi tena.

*

Naomba niingie kama mkubwa kidogo. Nimekaa nyuma ya mitambo ya saundi miaka mingi na nawapenda ndio maana nasema, masikio.

Desibeli 85 wataalamu wa usalama kazini wanaruhusu saa 8 kwa siku. Kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu, 88 ni saa 4, ukifika 100 una dakika 15 tu. Shoo ya rock mbele ya spika inavuka 100 kirahisi na nyie mnakaa masaa mawili. Ule mlio wa nyiiiii mnaoenda nao nyumbani ni sikio linalalamika, na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Sikio langu la kushoto, lile lililokuwa linaelekea spika, linalia usiku na mchana, nikiwa sehemu ya kimya ndo linanisumbua zaidi, mjukuu akininong'oneza upande huo napata hewa tu maneno sipati. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, ilibidi aache ziara katikati 2016 kwa ajili ya masikio, mwimbaji mwingine, Axl Rose, akamalizia. Alirudi baadaye lakini fikirieni mwimbaji anaambiwa ukipanda tena unaweza usisikie kabisa.

Vaeni vizibo vya masikio. Siyo pamba, pamba haizuii vya kutosha. Kuna vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti yote sawasawa, unasikia mpaka maneno vizuri kuliko mwenzio asiyevaa. Na mkipumzika sogeeni mbali na spika.

*

Shikamoo mzee, nimekuelewa na nimeshavitafuta.

Sasa niwapeleke ufukweni. Sisi ni kundi la watu kumi na mbili hivi, mwisho wa mwezi tunaenda, mpira wa mchangani asubuhi, jioni muziki. Watu wanadhani rock na ufukwe haviendani wakati kuna rock iliyozaliwa kwa ajili ya mawimbi kabisa, ya mpiga gitaa Dick Dale kule California miaka ya 1960 mwanzoni, baba yake wa asili ya Lebanoni, anapiga kwa mkono wa kushoto gitaa lililofungwa nyuzi za mtu wa kulia, kasi kama mtu anakimbizwa, na alikuwa anaunguza amplifaya mpaka watu wa kampuni ya Fender wakawa wanamtengenezea zenye nguvu zaidi.

Basi siku hiyo tumebeba spika ya betri, wimbi moja likapanda kuliko tulivyotegemea, spika ikanywa maji ikanyamaza. Kimya. Jua linazama, watu wamechoka, wengine wameshaanza kukunja taulo. Mwenzetu mmoja akasema si tupige ile ya Queen ya miguu na makofi, We Will Rock You, ile haina ngoma kabisa, walirekodi 1977 kwa kukanyaga mbao na kupiga makofi, wakazirudia rudia sauti zikacheleweshwa kidogo kidogo mpaka zikasikika kama umati. Hesabu ya kuzichelewesha alipiga Brian May, mpiga gitaa wao, huyohuyo aliyekuja kumaliza shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga 2007.

Tukasimama tukakanyaga. Jamani, mchanga haulii! Unakanyaga kwa nguvu zako zote unazama tu, puf. Tukatazamana. Kaka mmoja akachukua dumu tupu la maji akalipindua akaligonga, du du, wengine makofi, kaa. Du du, kaa. Madumu yakawa matatu, kuna boti limepinduliwa pale wenyewe wakatuambia gongeni tu, na wenyewe wakaja kugonga. Watoto wa watu tusiowajua wakaja. Hakuna aliyekuwa na maneno yote, tuliimba kiitikio tu sijui mara ngapi, mpaka giza.

Mawili matatu kwa wanaobeba gitaa ufukweni, msiliache juani, mimi langu gundi ililegea, daraja la kushikia nyuzi likang'oka lenyewe nikiwa naogelea. Na mkirudi futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu usiku huohuo, chumvi haisubiri asubuhi. Spika kaeni nayo mbali na maji, sisi tumejifunza.

*

Mwanzisha uzi, nina swali moja tu, mlango wa mama siku hizi ukoje?

*

Wakuu nimesoma zote, fundi ile ya kidole nimeisoma mara mbili.

Mlango sasa unabaki wazi kidogo, kama upana wa kiganja. Sio kila wimbo, akisikia ngoma za kasi sana anausukuma tena, na mimi nimekubali. Ila juzi nilikuwa najifunza ile solo ya Rosetta, nimekosea sehemu ileile labda mara ishirini, nikaacha nikaweka gitaa chini. Sauti ikatoka chumbani, "Unaingia mapema. Subiri makofi mawili." Akanipigia makofi yeye mwenyewe akiwa kitandani. Nimeingia sawa.