Naomba ushauri: Jeep CJ-7 ya 1983, injini ni Iron Duke au AMC?

Wakuu, habari zenu. Niko Ohio, Marekani, na nimepata Jeep CJ-7 inayouzwa kama ya 1983, silinda nne, lita 2.5. Muuzaji anasema injini ni ya AMC (American Motors, kampuni iliyounda Jeep wakati huo) na ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Hapo ndipo ninapokwama: CJ za silinda nne za 1980 hadi 1983 zilifungwa Iron Duke, injini ya GM (General Motors), ile ya AMC ikaingia 1984. Zote ni lita 2.5, kwa hiyo ukubwa hausaidii kuzitofautisha.

Nilipofungua boneti nikaona manifoldi (mabomba yanayounganishwa na silinda) ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja. Iron Duke za miaka hiyo huwa nazo pande tofauti, basi naelekea kuamini ni AMC kweli, ila ilipandikizwa baadaye. Iron Duke pia huzungusha kemshafti (mhimili unaofungua valvu) kwa gia, AMC kwa cheni, lakini siwezi kumfungulia mtu injini kabla sijanunua.

Aliyewahi kuzishika zote mbili: ipi inavumilia zaidi mizigo na milima? Na giaboksi niikague vipi? Kama injini ilibadilishwa, nahofia fundi aliunga kwa kubahatisha.