Bomba limepasuka ukutani, nimedai 18,400,000, bima wanataka kunilipa 3,640,000. Napingaje?

Goba_Juu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoijua bima ya nyumba, maana huku mtaani kila mtu anajua ya magari tu.

Nyumba ni ya ghorofa moja, ipo Goba, Dar es Salaam, ina mkopo wa benki, na bima ilikatwa kupitia benki hiyo hiyo. Bomba la plastiki la PPR la milimita 25 linalopeleka maji bafu la juu lilipasuka ndani ya ukuta wakati nyumbani hakuna mtu. Simtank lipo kwenye mnara, kwa hiyo maji yalishuka mpaka tangi likaisha. Madai yangu:

Bomba, kuvunja na kurudishia ukuta: 900,000
Dari ya jipsamu jikoni na sebuleni: 3,200,000
Sakafu ya laminati: 4,100,000
Kabati za jikoni za MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa): 6,500,000
Nyaya na taa: 1,200,000
Rangi: 2,500,000

Mtathmini hasara aliyeletwa na kampuni alikuja, akapiga picha, akaondoka. Barua yao inasema kabati na sakafu hazilipwi kwa sababu ni "uvujaji wa muda mrefu". Bomba na ukuta navyo havimo. Kilichobaki, 6,900,000, wamelipa asilimia 60 tu, eti nyumba imekatiwa bima ya milioni 120 wakati thamani yake ni milioni 200. Inakuja 4,140,000, wanatoa eksesi (sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe) 500,000, inabaki 3,640,000. Wameambatanisha dischaji vocha, yaani hati ya kukubali malipo, nisaini.

Nikisaini nikachukua hiyo, naweza kudai iliyobaki baadaye? Na hiyo asilimia 60 imetoka wapi?

MzeeWaMadai

Usisaini. Dischaji vocha karibu zote zina maneno "malipo kamili na ya mwisho", na ukishaweka sahihi hapo umefunga dai lako mwenyewe. Waandikie kwamba upo tayari kupokea 3,640,000 kama sehemu ya malipo, bila kuathiri haki yako ya kudai iliyobaki, na wakuandalie vocha yenye maneno hayo. Wengine hukubali, wengine hukataa. Wakikataa, subiri.

Sasa tuiangalie barua yao, maana ina tundu kubwa. Dari wamekubali kuilipa. Nyaya zilizo ndani ya dari wamekubali. Kwa maana hiyo wamekiri kwamba bomba lilipasuka ghafla na tukio limo ndani ya mkataba. Halafu kabati zilizo chini ya dari hiyo hiyo, na sakafu iliyo chini ya kabati hizo, wanasema ziliharibiwa na uvujaji wa muda mrefu. Maji ni yale yale, siku ile ile, ila yalipofika usawa wa kabati yakageuka kuwa ya zamani? Waulize kwa maandishi: huo uvujaji wa muda mrefu ulitoka bomba gani, na mtathmini aliuona wapi? Kama anadai sinki lilikuwa linavuja, aonyeshe.

Wajibu wa kuthibitisha umegawanyika. Wewe unathibitisha kwamba hasara imetokana na jambo lililomo kwenye mkataba, yaani kupasuka kwa bomba. Ukishafika hapo, kampuni inayotaka kujificha nyuma ya kipengele cha kutolipa ndiyo inayobeba mzigo wa kuonyesha kwamba kipengele hicho kinahusika. "Inaonekana" haitoshi.

Kwa hiyo barua yako ya kwanza iombe vitu vitatu: nakala ya ripoti ya mtathmini pamoja na picha, namba ya kila kipengele walichotumia kukataa, na waraka uliotoa ile milioni 200. Ripoti wanaweza kukunyima, wakisema ni ya kwao. Namba za vipengele na hesabu hawana sababu ya kukunyima.

Kitu kingine: soma jedwali la mkataba, ule ukurasa unaoorodhesha vilivyokatiwa bima na kiasi chake, uone kabati zimewekwa wapi. Kabati zilizofungwa ukutani ni sehemu ya jengo. Meza, friji na makochi ni vyombo vya ndani. Nimeona madai yakipunguzwa kwa sababu kabati zilihesabiwa kama fenicha kwa mtu ambaye hakukatia bima ya vyombo.

FundiBomba_Tegeta

Kabla hujaandika barua yoyote, kile kipande cha bomba kilichopasuka kipo? Kama fundi bado hajakitupa, kichukue leo hii, kiweke kwenye mfuko, andika tarehe. Kata pia vipande viwili vya dari iliyoloana na kipande cha ubao wa kabati kabla hawajaja kubomoa. Ushahidi wa kesi za maji huwa unaishia kwenye kirikuu cha kubebea kifusi.

Mtu anayejua kuangalia hawezi kuchanganya mpasuko mpya na uvujaji wa zamani. Jipsamu iliyomwagikiwa mara moja inalegea na kuacha doa lenye ukingo mmoja. Iliyovujiwa miezi ina madoa ya mviringo yaliyozungukana, moja ndani ya jingine, rangi ya chai. Mgongo wa ubao una ukungu mweusi, na skurubu zimekula kutu mpaka kichwa. Ng'oa skurubu tano uziangalie. Ukutani, uvujaji wa zamani hutoa chumvi nyeupe kama unga na rangi hubanduka maganda kuzunguka sehemu moja.

Kwenye kabati, angalia MDF imevimba wapi. Maji yaliyotoka darini hulowesha ukingo wa juu wa kabati za kuning'inia na kutelemka mgongoni. Sinki linalovuja huvimbisha sakafu ya kabati moja tu, ile yenye sinki, na kabati za mbali hubaki nzima. Pima unene kwa kalipa, kile kipimo cha kubana chenye milimita: ubao wa milimita 16 ukikuta umefika 20 juu kwenye kabati za kuning'inia, hakuna sinki linaloweza kufanya hivyo. Piga picha kalipa ikiwa imeshika ubao, namba zisomeke.

Halafu bili za maji za DAWASA. Yuniti moja ni lita 1,000. Bomba linalovuja lita 10 tu kwa saa linakula yuniti 7 na kitu kwa mwezi, huwezi kulificha kwenye bili. Toa bili za miezi 12. Kama matumizi yalikuwa yale yale mpaka mwezi wa tukio, ule "uvujaji wa muda mrefu" umeshapata shida. Tone moja moja chini ya lita kwa saa bili haitalionyesha, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Kama unatumia kisima, njia hii haikufai.

Fundi atakayekuandikia ripoti aandike alichokiona: bomba limepasuka kwa urefu, au kiungio kimechomoka? Kiungio cha PPR kilichochomoka kikiwa laini kama yai maana yake hakikupata moto wa kutosha wakati wa kuunga (milimita 25 inataka kama sekunde 7 kwenye nyuzi 260). Hapo kampuni itakimbilia kipengele cha kazi mbovu. Usimwambie fundi adanganye, ila usome kipengele chenyewe: mara nyingi kinaondoa gharama ya kurekebisha ile kazi mbovu, hakigusi uharibifu uliosababishwa na maji.

Nyaya zipimwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kwa mega (kipimo cha uzima wa ganda la nyaya) ya volti 500. Chini ya megaohm 1 inabadilishwa. Karatasi ya vipimo iambatanishwe.

Bi_Makadirio

Mie nazungumzia asilimia 60, kwa sababu ndiyo iliyokula hela nyingi kimya kimya.

Kanuni ni hii: ukikatia bima pungufu, unalipwa kwa uwiano. Kiasi cha bima unagawanya kwa gharama ya kujenga upya, unazidisha kwa hasara. 120 kwa 200 ni asilimia 60. Hesabu ni sahihi, tatizo ni ile 200. Kinachotakiwa pale ni gharama ya kulijenga jengo upya: vifaa, ufundi, kubomoa na kuondoa kifusi, ada za wataalamu. Kiwanja hakimo, kwa sababu kiwanja hakipasuki bomba. Kwa nyumba ya Goba nina wasiwasi mkubwa kwamba 200 ni thamani ya soko, ardhi ikiwemo, imenyofolewa kwenye ripoti ya uthamini ya benki.

Iombe ripoti hiyo benki, kuna uwezekano wewe ndiye uliyeilipia. Ripoti za mkopo kwa kawaida zina thamani zaidi ya moja: ya soko, ya kuuza kwa haraka, na nyingi zina thamani ya bima. Hiyo ya mwisho ndiyo unayoitafuta. Kama haipo, tafuta mkadiriaji majenzi (QS) aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya wasanifu na wakadiriaji majenzi, akuandikie gharama za kujenga upya za tarehe ya tukio. Mthamini na mkadiriaji majenzi ni watu wawili tofauti, na hapa unamhitaji wa pili.

Uliza pia hiyo 120 ilitoka wapi. Bima za kupitia benki mara nyingine hukatwa kwa kiasi cha mkopo, siyo gharama ya jengo, na mteja hakuulizwa kitu. Kama ndivyo, una dai la pili dhidi ya aliyekuuzia bima. Hilo liandike barua yake peke yake.

Mwisho, tafuta kwenye mkataba kipengele cha asilimia 85. Mikataba mingi inayolipa kwa msingi wa kujenga upya haipunguzi malipo kama kiasi cha bima kinafika asilimia 85 ya gharama ya kujenga.

Nyali_95

Kwa tulio Kenya mambo ni hayo hayo, tofauti ni mlango wa kubisha. Sheria ya Bima, sura ya 487, kifungu cha 203, inaweka siku 90 za kushughulikia dai, na malalamiko yanakwenda IRA, mamlaka ya bima ya huko. Tena kwa wanaokaa fleti: maji yakitoka kwa jirani wa juu, ripoti kwa bima yako kwanza, waache wao wamfuate jirani. Usiandikiane naye karatasi ya kusameheana, utakuwa umeinyima bima yako haki ya kumdai.

Goba_Juu

Asanteni sana. Nimepata ripoti ya benki: thamani ya soko 200,000,000, thamani ya bima 138,000,000. Kipengele cha asilimia 85 kipo. Mkataba unasema unalipia "kupasuka au kufurika kwa matangi, mitambo au mabomba ya maji, isipokuwa uharibifu wa vitu hivyo vyenyewe". Eksesi ni asilimia 10 ya dai, isipungue 500,000. Ile 900,000, bomba na viungio ni 150,000, ukuta na vigae 750,000. Wakikataa tena nakwenda wapi?

MzeeWaMadai

120 kwa 138 ni karibu asilimia 87. Imevuka 85, kwa hiyo upunguzaji wote unaanguka.

Bomba la 150,000 liache, hapo wako sahihi. Lakini "vitu hivyo vyenyewe" ni matangi, mitambo na mabomba. Ukuta haumo kwenye orodha hiyo, na maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Kwa hiyo dai lako ni 18,250,000, toa eksesi 1,825,000, inabaki 16,425,000. Eksesi itapanda pamoja na dai, usishangae. Wanaweza pia kuzuia sehemu ya hela mpaka umalize matengenezo, ndivyo msingi wa kujenga upya unavyofanya kazi, kwa hiyo kila fundi na duka likupe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nukuu ya bei peke yake ndiyo wanayoikata kwa urahisi.

Barua iwe kurasa mbili, hoja tatu, kila hoja na kiambatisho chake: (1) dari na nyaya zimekubaliwa, chanzo ni kimoja, picha za kalipa na bili hizi hapa; (2) ukuta haumo kwenye vilivyoondolewa; (3) gharama ya kujenga upya ni 138,000,000, soma ukurasa fulani wa ripoti. Malizia na kiasi unachodai na tarehe unayotaka jibu. Ielekeze kwa mkuu wa kitengo cha madai, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wakikataa au wakinyamaza, peleka faili hilo hilo TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, ofisi ya kanda yako, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Wote wawili wapo kwa Sheria ya Bima Na. 10 ya 2009, na kwa msuluhishi hulipi ada. Watataka kuona kwamba ulianza na kampuni, ndiyo maana ya ule muhuri. Usikimbilie mahakamani kwanza, shauri likishafunguliwa huko msuluhishi hatalishika.

Angalia vipengele viwili vya mwisho wa mkataba: kama upo usuluhishi wa lazima (arbitration, siyo ule wa TIO) pale mnapobishania kiasi, na kama wameweka miezi 12 ya kufungua shauri tangu walipokataa. Mingi inayo, na inahesabiwa kuanzia barua uliyonayo mkononi sasa, hata kama bado mnaandikiana.

Nakala moja ipeleke kitengo cha mikopo benki. Jina lao lipo kwenye jedwali, hundi inaweza kuandikwa kwao, na ni vizuri mkubaliane mapema kwamba hela hiyo inakwenda kwenye matengenezo na haikatwi kwenye deni.